Kamera ndogo ya safari ya nje: ichague ukiwa bado Dar

Wanaokuja kwenye studio yangu Magomeni kupiga picha za viza huuliza maswali mawili. La kwanza, picha zitatoka saa ngapi. La pili linakuja nikiwa nimeshika mkasi nakata kingo: "Kaka, na kamera ya kwenda nayo ninunue ipi?" Mwaka huu aliyeuliza alikuwa shangazi yangu mwenyewe. Alikuwa anakwenda Manchester kumwona mjukuu, na njiani alale usiku mmoja Istanbul. Ana miaka 62, macho yake hayataki tena maandishi madogo, na simu yake imejaa video za kwaya kiasi kwamba haina nafasi hata ya picha moja. Tulizunguka wiki mbili. Hizi hapa hatua tulizopita, pamoja na makosa niliyoyafanya zamani nikiwa peke yangu.

Hatua ya 1: Anza na simu uliyonayo

Nakula kwa kamera, lakini sitakudanganya. Simu nzuri ya miaka mitatu minne hii inazishinda kamera ndogo nyingi za bei rahisi, hasa taa zikiwa hafifu. Kamera inakuongezea mambo machache tu. Inavuta kitu cha mbali kwa vioo vyake, si kwa kuikatakata picha. Ina flashi ya kweli. Na inaipumzisha simu, maana ugenini simu ndiyo ramani, ndiyo tiketi, ndiyo pesa, ndiyo ya kumpigia mwenyeji wako pale uwanjani. Ikizima saa kumi jioni kwa sababu ulikuwa unawapiga picha njiwa, utalala unazunguka.

Kama hayo hayakuhusu, ongeza nafasi kwenye simu na hela inayobaki kale vizuri huko uendako.

Hatua ya 2: Itaje safari yako kwa sauti

Mweleze mtu safari yako, kisha jisikilize umetaja nini. Shangazi alisema, "Mtoto amelala, mimi nampiga picha, naye asiamke." Sentensi hiyo moja ilinimalizia nusu ya kazi: ndani ya nyumba, mwanga mdogo, flashi marufuku, na kamera isiyopiga kelele.

Kijana wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou anataka kitu kingine, kamera inayosoma lebo ya katoni kwa karibu na kuwaka upesi kabla mwenye banda hajabadili mawazo. Anayekwenda kuzamia baharini anataka isiyoogopa maji. Anayekwenda kutazama mpira akiwa amekaa jukwaa la juu anataka inayovuta. Hakuna kamera moja inayofanya yote hayo ikabaki ya mfukoni, na muuzaji anayekuambia ipo anataka kufunga duka mapema.

Hatua ya 3: Namba mbili za kusoma, moja ya kuipuuza

Ya kuipuuza ni megapikseli. Naongea kama mtu anayechapa picha kila siku: picha ya ukubwa wa A4 iliyochapwa vizuri kabisa haihitaji hata megapikseli 9. Ukiona boksi limeandikwa 48 kwa herufi za dhahabu na jina la kampuni hujawahi kulisikia, washa kamera utazame lenzi. Isipochomoza wala kusogea unapovuta, kisha kwenye menyu ikaandika kuwa uvutaji wake ni wa kidijitali, umeshika kichezeo. Zimejaa mtandaoni na watu wanaletewa hadi mlangoni.

Namba ya kwanza ya kusoma ni ukubwa wa sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Kamera nyingi ndogo za bei ya chini zina sensa inayoitwa 1/2.3, ambayo ni kama milimita 6.2 kwa 4.6. Inayofuata huitwa ya inchi 1. Hilo ni jina tu, kwani yenyewe ni milimita 13.2 kwa 8.8, lakini eneo lake ni mara nne ya ile ndogo. Juu yake ipo APS-C, takriban milimita 23.5 kwa 15.6, mara tatu ya hiyo ya inchi 1. Fikiria mvua ya Aprili na vyombo vya kukingia: kikombe, sufuria, beseni. Mvua ni ileile, ila mwenye beseni ndiye anayepata maji ya kutosha. Usiku, au ndani ya nyumba ya Mwingereza saa tisa alasiri wakati wa baridi, tofauti hiyo utaiona kwenye picha bila kuambiwa na mtu.

Namba ya pili ipo kwenye lenzi yenyewe, imezungushiwa kioo kwa maandishi madogo: herufi f au 1: na tarakimu. Ndogo ndiyo nzuri. Lenzi ya f/1.8 inapitisha mwanga zaidi ya mara tatu ya lenzi ya f/3.3. Pembeni yake kuna milimita za lenzi. Zisome kwenye karatasi ya maelezo pale palipoandikwa "sawa na 35 mm": 24 ni pana, inabeba chumba kizima; 100 inamleta mtu aliye ng'ambo ya barabara; kuanzia 400 kwenda juu unamfuata ndege mtini.

Sasa ziweke pamoja. Canon SX740 HS ya mwaka 2018 inavuta mara 40, mpaka sawa na milimita 960, na ina gramu 299 tu. Lakini sensa yake ni ile ya kikombe, na f yake inaanzia 3.3. Mchana kweupe ni raha tupu. Kwa mtoto aliyelala, hapana. Sony RX100 VII ya 2019 ina sensa ya inchi 1 na inafika milimita 200, ndani ya gramu 302, ila ilipozinduliwa iliuzwa dola 1,200. Canon G7 X Mark II ya 2016 na ndugu yake Mark III ya 2019 haziendi mbali, mwisho milimita 100, lakini lenzi ni f/1.8 mpaka 2.8 na kioo kinaguswa kama simu. Ricoh GR III ina sensa ya APS-C ndani ya mwili wa gramu 257. Haivuti kabisa; ukitaka karibu, tembea. Mimi mwenyewe naipenda kuliko zote, na singemnunulia mtu mzima ambaye hajawahi kushika kamera. Fujifilm X100VI ni nzuri pia, ina gramu 521, na kwa dola 1,599 za uzinduzi wake 2024 ni bora uniambie ukweli kwamba unataka kujipamba nayo. Siyo dhambi.

Ya majini ni OM System TG-7 ya 2023. Inazama mita 15 bila kifuko, na lenzi yake haichomozi nje, kwa hiyo mchanga hauna pa kuingilia. Ukitoka baharini isuuze kwa maji yasiyo na chumvi. Usiku isamehe, sensa yake ni ndogo.

Hatua ya 4: Nenda dukani ukiwa umevaa safari

Hapa ndipo watu wanaporuka, na hapa ndipo kamera nyingi huishia droo ya kabati. Shangazi alikuwa ameshanunua koti na glavu za mtumba Karume. Nikamwambia azibebe. Dukani alipovaa glavu katikati ya joto la saa saba, kijana muuzaji akacheka mpaka akashika kaunta. Kisha akanyamaza, kwa sababu shangazi aliishika ile RX100 iliyosifiwa na haikukaa mkononi. Mwili wake ni laini kama sabuni. Kitufe cha kuwashia ni kidogo kiasi kwamba kidole chenye glavu kiliminya kila kitu isipokuwa chenyewe.

"Mama, hii ndiyo kamera ya mjini," kijana akajitetea.

Shangazi akavua glavu, akaiwasha mwenyewe, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu. "Mjini wapi, mwanangu? Mbona haisomeki?"

Menyu yote ilikuwa Kijapani. Hili si jambo la kucheka tu. Kamera nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hazina lugha nyingine kwenye menyu, na fundi wa kawaida hawezi kukubadilishia. Zinaingia Dar zikiwa zimetumika, safi, bei imechangamka, na mnunuzi anagundua akifika nyumbani. Kabla hujauliza bei ya kamera yoyote iliyotumika, ingia kwenye menyu ya lugha.

Mtihani wenyewe wa mkono ni huu. Itoe kamera kwenye mfuko au mkoba utakaosafiri nao, iwashe, piga picha ya muuzaji, mwoneshe, izime, irudishe. Ukitumia mikono miwili kwa kila kitu, au ukimuuliza mtu "nabonyeza wapi?" mara tatu, weka chini. Halafu mpe mtu mwingine kabisa akupige wewe, bila maelezo. Ugenini utaomba wapita njia kila siku.

Hatua ya 5: Kununua bila kulizwa

Usisubiri kununua Dubai au Doha wakati wa kubadilisha ndege. Nilifanya hivyo safari yangu ya kwanza, nikaenda kusoma kitabu cha maelekezo hotelini wakati wenzangu wako matembezini. Nunua angalau wiki mbili kabla.

Kwa mpya, zunguka Posta, mitaa ya Samora, maduka ya Kariakoo yenye milango na sura inayojulikana, na madukani Mlimani City. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la kamera na namba yake ya utambulisho (serial number) iliyochapwa chini ya mwili. Risiti hiyo itakusaidia kwenye dhamana, na pia ukirudi uwanja wa ndege wa JNIA kamera ikiwa shingoni na ofisa akataka kujua umeinunua wapi.

Kwa iliyotumika, bei inaongeleka, lakini usianze maongezi kabla ya kupima. Iwashe na kuizima mara tano huku umeiweka sikioni. Lenzi inapochomoza isikike laini. Ukisikia mkwaruzo kama mchele kwenye sinia, kuna mchanga, na siku yoyote lenzi itagoma nusu njia. Vuta mpaka mwisho, rudisha. Piga ukuta mweupe, kisha ukuze picha uitazame pembe hadi pembe: doa lile lile mahali pale pale kwenye kila picha ni vumbi lililoingia ndani. Fungua mlango wa betri uangalie kutu ya kijani, hasa kamera ikiwa imetoka Zanzibar au Kigamboni ambako upepo wa chumvi haumwonei mtu haya. Na kama imefika mkononi mwa kijana wa mjini kupitia kwa vijana wenzake, ujue zile kamera ndogo za zamani zimepanda bei kwa sababu wao wanapenda picha zake zinavyochuja. Wewe usilipie mtindo.

Shangazi aliondoka na G7 X Mark II iliyotumika, ina mchubuko mmoja kwenye kona. Alipunguziwa kwa ajili ya mchubuko, akaongezewa mfuko.

Hatua ya 6: Ipime kwa sura zetu

Hii sikuisoma popote, nimeijua kwa kupiga picha za viza mbele ya kitambaa cheupe. Kamera hupima mwanga wote ulio mbele yake na kujaribu kuufanya uwe wa wastani. Mpige mjomba aliyevaa kanzu nyeupe, kamera inaona weupe mwingi, inashusha mwanga. Matokeo yake kanzu inakuwa ya kijivu na uso wa mjomba unapotea kama masizi ya sufuria. Kamera za sasa zinatafuta uso zenyewe na zimepunguza tatizo, lakini hazijaliondoa. Theluji itafanya yaleyale. Dirisha nyuma ya mtu, vilevile.

Nenda Posta mchana, simama upande ambao mbingu iko nyuma ya Sanamu ya Askari. Yule askari wa shaba amesimama pale tangu 1927 na ni mweusi dhidi ya anga jeupe, mwalimu mzuri kuliko mimi. Piga picha ya kawaida. Atatoka kivuli kitupu. Sasa tafuta alama ya kujumlisha na kutoa, kwenye kitufe, kwenye gurudumu, au kwenye kioo. Peleka +0.7, piga tena. Peleka +1, piga tena. Mikunjo ya nguo yake itaanza kuonekana. Kisha mpe mtu wako asimame kivulini na nguo nyeupe, rudia. Kama alama hiyo imefichwa ndani ya menyu kurasa nne, kamera hiyo itakuaibisha kwenye kila picha ya familia.

Shangazi sikumfundisha neno lolote gumu. Nilimwambia, "Uso ukiwa giza, zungusha hiki kuelekea kwenye jumlisha mpaka umwone." Akanijibu hiyo ni kama chumvi.

Ukiwa hapo mjini, usielekeze lenzi kwenye kambi za jeshi, vituo vya polisi wala Ikulu. Na huko uendako uliza kwanza: ndani ya Sistine Chapel kule Vatican, na ndani ya kaburi lenyewe la Taj Mahal, picha haziruhusiwi kabisa.

Hatua ya 7: Betri, kadi, plagi

Udogo wa kamera unalipiwa kwenye betri. Kwa vipimo vya watengenezaji, GR III inapiga picha kama 200, G7 X Mark III 235, RX100 VII 260. Nunua betri ya pili. Kwenye baridi betri hulegea, kwa hiyo ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Betri zote za akiba na pawabenki zinapanda nawe ndani ya ndege, kamwe zisiwe kwenye begi linalopimwa. Kikomo cha kawaida ni saa-wati 100 bila kuomba kibali. Pawabenki ya mAh 20,000 ni kama 74, iko salama. Ukienda China na kupanda ndege za ndani, tangu 28 Juni 2025 pawabenki isiyo na 3C, alama ya usalama ya China, wanaikataa.

Waya wa chaji ujaribu nyumbani na kichwa cha chaji utakachobeba. Mark III kwa mfano haikubali kila kichwa, inachagua. Plagi yetu ya miguu mitatu bapa inaingia Uingereza na Falme za Kiarabu bila shida. Uturuki na sehemu kubwa ya Ulaya ni miguu miwili ya mviringo, kwa hiyo adapta moja ilimtosha shangazi kwa usiku wake wa Istanbul. Chaja ikiandikwa 100–240V haijali umeme wa nchi.

Kadi: GB 64 yenye alama V30, yaani kasi ya kurekodi video, inatosha. Ni maelfu ya picha, au kama dakika 80 tu za video ya 4K, kwa hiyo kama unarekodi ngoma nzima nunua mbili. Kadi feki zimejaa. Inaandikwa 64, ndani ni 8, na ikijaa inaanza kufuta ya kale kimyakimya. Ijaze nyumbani mpaka mwisho kwa video ya feni inayozunguka, kisha fungua ya kwanza na ya mwisho. Zikicheza zote, safiri nayo.

Hatua ya 8: Jioni ya kabla ya kuondoka

Panga saa ya kamera. Hapa nina aibu yangu. Mwaka fulani niliipanga kwa kutazama saa ya ukutani kwa Kiswahili: saa tatu kasorobo asubuhi, nikaandika 2:45. Safari nzima kamera iliamini tunazurura usiku wa manane, na nilipozichanganya picha na zile za simu ya mke wangu, tukaonekana tumefika hotelini kabla ya kutoka nyumbani. Weka mfumo wa saa 24. Istanbul saa ni sawa na Dar. Manchester wakati wa baridi rudisha tatu. Guangzhou ongeza tano.

Zima mlio. Zima uvutaji wa kidijitali. Weka gurudumu kwenye oto na ulizungushie kipande kidogo cha utepe wa karatasi wenye gundi lisihame lenyewe mkobani. Pakua programu ya kuhamishia picha kwenye simu ukiwa bado Dar, na uijaribu. China huduma za Google na WhatsApp hazifunguki kwa intaneti ya kawaida, na wengi wanakumbuka hilo wakiwa wameshatua. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili, la sivyo picha inafika imechoka.

Ukirudi, usiitoe kamera baridi ya ndege kwenye joto la Dar papo hapo. Iache mkobani nusu saa, vinginevyo kioo kinatoa jasho na unyevu unaingia ndani.

Mwisho, andika jina lako na namba ya mtu wa nyumbani kwenye karatasi nyeupe, kwa kalamu nene, uipige picha. Iwe ya kwanza kwenye kadi, na uifunge isifutike. Shangazi ya kwake aliiandika kwa kalamu ya nyusi, na kwa kuwa karatasi ilikuwa nyeupe, aliipeleka +1.